Rangi si Jina la Nyoka

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo safu hii inazungumza na wale ambao hawajaumwa na kwa hiyo hawashtuki, na hasa inazungumza na wazazi ambao watoto wao wanajifunza mambo ya dunia kwa kutazama picha.

Mwezi uliopita nilikuwa Mbeya kwa mapumziko mafupi, nikafikia kwa dada yangu huko Uyole. Asubuhi ya pili, kabla chai haijateremshwa jikoni, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 alinijia sebuleni kwa hatua za kunyata.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Mjomba, njoo uone kitu, lakini usimwambie mama."

Nilimfuata hadi nyuma ya banda la kuku. Chini ya mparachichi palikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na mfuniko wenyewe ulikuwa umetobolewa matundu kwa msumari. Nilichungulia. Ndani mlikuwa na nyoka wa kijani, mwembamba kama kidole gumba, amejikunja mara nyingi. Nilikisia kwamba angenyooka angekaribia urefu wa mita moja. Alikuwa na macho makubwa, naye alikuwa akiyatumia kunitazama.

Nilirudi nyuma hatua tatu. Mtoto alicheka. "Usiogope, Mjomba. Huyu hana sumu. Nyoka wa kijani hawana sumu. Kule Marekani wanawafuga nyumbani, wa kila rangi, nimewaona kwenye simu ya mama."

Ndugu msomaji, sikumgombeza. Kwanza nilimwomba aiache ndoo palepale ilipo, asiufungue mfuniko, na aje tuketi barazani. Kisha nikamwomba anionyeshe picha hizo. Niliyoyaona katika picha, na yale tuliyozungumza baada yake, ndiyo ninayotaka kukusimulia leo. Kwa maana kosa la mtoto yule si la mtoto peke yake. Ni kosa la watu wazima wengi wa mjini na wa shamba, tunaodhani kwamba tukishaiona rangi ya nyoka tumekwisha kulijua jina lake, na tukilijua jina lake tumekwisha kuijua tabia yake.

NYOKA WA MAHINDI

Nyoka aliowaona mpwa wangu kwenye simu ni wale ambao Wamarekani huwaita nyoka wa mahindi. Makazi yao ya asili ni majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani. Hawana sumu, huwinda panya, humviringa na kumbana mpaka afe, kisha humeza. Yasemekana walipewa jina hilo kwa sababu wakulima waliwakuta mara kwa mara katika maghala ya mahindi, walikofuata panya. Mkazi wa Mbeya au wa Iringa mwenye kihenge cha mahindi nyumbani atalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Panapo mahindi pana panya, na panapo panya nyoka hakosi kupita.

Nyoka wa mahindi wa kawaida, yaani yule wa porini, ana rangi ya machungwa au kahawia, na mgongoni amepambwa kwa mabaka mekundu yaliyozungushiwa mstari mweusi. Tumbo lake lina miraba myeupe na myeusi kama ubao wa drafti. Huyo ndiye asili. Lakini katika nyumba za wafugaji wa Marekani na Ulaya utamkuta pia mweupe mwenye mabaka ya machungwa, utamkuta wa kijivu na mweusi, na utamkuta mweupe wa waridi kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Wote hao ni nyoka wa aina moja. Wanaweza kuzaana, na wanaweza hata kuanguliwa kutoka mayai ya mama mmoja.

Inakuwaje? Ngozi ya nyoka huyo hupata rangi yake kutokana na chembechembe za aina mbalimbali: zipo zinazoleta weusi, zipo zinazoleta wekundu, na zipo zinazoleta manjano. Nyoka akizaliwa bila uwezo wa kutengeneza weusi, wekundu na rangi ya machungwa hubaki peke yake, na mboni za macho yake huwa nyekundu au za waridi. Akizaliwa bila uwezo wa kutengeneza wekundu, hubaki kijivu na weusi, na macho yake huwa meusi kama kawaida. Akikosa vyote viwili, wafugaji humwita theluji, kwa sababu hubaki na weupe pamoja na waridi kidogo.

Mwaka 1953 nyoka mmoja wa mahindi asiye na weusi alinaswa porini katika jimbo la North Carolina. Daktari mmoja wa magonjwa ya ngozi, Bernard Bechtel, pamoja na mkewe Elizabeth, walichunguza urithi wa rangi hiyo kwa kuzalisha nyoka, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo yao. Walionyesha kwamba kukosa weusi ni jambo la kurithiwa, na kwamba urithi huo waweza kujificha. Nyoka asiye na weusi akizaa na nyoka wa kawaida, watoto wote hutoka wa kawaida. Lakini watoto hao wakizaliana, basi kwa wastani mmoja katika kila wanne hutoka bila weusi kama babu yake.

SOMO LILILOMO KATIKA GUNZI

Mpwa wangu aliniuliza, inawezekanaje rangi kujificha? Nikamkumbusha shamba la babu yake.

Mkulima wa Mbozi au wa Ismani akipanda mahindi meupe, na jirani yake akipanda ya njano, wakati wa kuvuna ataona punje za njano zimetokea katika magunzi yake meupe. Hapana aliyezichomeka. Upepo umebeba chavua kutoka shamba la jirani, na katika punje zile njano imeushinda weupe, lakini haikuufuta. Ukizipanda punje hizo za njano peke yake, mbali na mahindi mengine, ukayaacha mahindi hayo yachavuane yenyewe kwa yenyewe, magunzi yatakayotoka yatakuwa na punje nyeupe tena. Kwa wastani moja katika kila nne. Weupe ulikuwamo siku zote. Ulikuwa umekaa kimya.

Kanuni hii haibagui kati ya mmea na mnyama, wala haimruki binadamu, na hapa naomba unisikilize kwa makini, ndugu msomaji, kwa sababu katika nchi yetu jambo hili limegharimu ndoa za watu na maisha ya watu. Mtu ni mtu na nyoka ni nyoka, na wala simfananishi huyu na yule. Ninachokisema ni kanuni ya urithi tu. Baba mweusi na mama mweusi wanaweza kupata mtoto mwenye ualbino, pasipo laana, pasipo uchawi na pasipo mama kutoka nje ya ndoa. Katika aina za ualbino zilizo za kawaida kwetu, baba na mama wote wawili huwa wameubeba urithi huo bila kujua, na kila mmoja humpa mtoto sehemu yake. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamwadhibu mwenzake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelitoa nusu. Rangi ya mtoto yule haielezi lolote juu ya akili yake, moyo wake wala thamani yake. Anayehitaji kubadilika ni yule anayetazama.

HATA MAFUNDI HUKOSEA

Turudi kwa nyoka. Utadhani kwamba wafugaji wa Marekani, walioishi na nyoka hao kwa miongo kadhaa, humtazama mmoja mara moja wakasema yeye ni wa namna gani. Sivyo.

Fundi wa kazi hiyo huanza kwa macho: mboni ikiwa nyekundu, weusi haupo, ikiwa nyeusi, weusi upo hata kama umefifia. Kisha hutazama mistari inayozunguka mabaka, halafu tumbo. Hata hivyo hubaki na mashaka. Rangi za mtoto aliyeanguliwa jana si rangi atakazokuwa nazo baada ya miaka mitatu. Yule wa kijivu mara nyingi huota manjano shingoni anapokua. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hupauka mwili mzima na macho yake hupata ukungu. Taa ya nyumbani nayo huongopa, na picha huongopa zaidi.

Lipo jambo jingine la ajabu zaidi. Ziko njia mbili tofauti za urithi zinazoweza kumfanya nyoka wa mahindi awe wa kijivu, na kwa macho wanyama hao wawili wanakaribiana sana. Mfugaji akimchukua dume wa kijivu wa njia ya kwanza akamzalisha na jike wa kijivu wa njia ya pili, atatazamia watoto wa kijivu. Badala yake mayai huanguliwa na kutoa watoto wenye rangi ya kawaida, wekundu kama wale wa porini. Kila mzazi alikuwa na kile ambacho mwenzake amekikosa. Kwa sababu hiyo mfugaji mwangalifu hasemi jina la nyoka wake kwa kutazama ngozi. Huuliza kwanza, wazazi wake ni akina nani?

Nilimwambia mpwa wangu: ikiwa watu hao, wenye nyoka wa aina moja tu, tena asiye na sumu, tena ndani ya sanduku la kioo, hawaiamini rangi, wewe uliyemtoa nyoka kwenye mparachichi utaiamini kwa msingi gani?

KIJANI CHA MBEYA, KAHAWIA YA IRINGA

Huku kwetu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu rangi moja huvaliwa na nyoka wa tabia mbalimbali, na nyoka mmoja huvaa rangi mbalimbali.

Chukua kijani. Wako nyoka wembamba wa kijani wa vichakani na kandokando ya mito, ambao hula vyura na mijusi na hawana madhara kwa mtu. Lakini yuko pia nyoka wa miti mwenye macho makubwa ambaye watu wa Afrika Kusini humwita boomslang, yaani nyoka wa mti, naye yumo katika sehemu nyingi za Tanzania. Madume yake mara nyingi huwa ya kijani, majike mara nyingi huwa ya kahawia, na watoto wake huwa na rangi ya kijivu. Mtu anayehesabu kwa rangi atadhani ameona nyoka watatu. Sumu ya huyo mmoja huizuia damu isigande, nayo hufanya kazi polepole, hata aliyeumwa hudhani amenusurika.

Mwaka 1957 nyoka mdogo wa Afrika, mwenye urefu wa sentimita 76 hivi, alipelekwa kutoka bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago kwa Karl Schmidt wa jumba la makumbusho la Field, ili amtambue. Schmidt alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa nyoka duniani. Alimtazama, akahisi kwamba ni boomslang, lakini akasita, kwa maana gamba moja la karibu na mkia halikuwa limegawanyika kama alivyotazamia. Katika kumshika nyoka huyo aliumwa kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Lilikuwa jeraha dogo. Alirudi nyumbani kwa treni, akaandika katika daftari jinsi mwili wake ulivyokuwa ukibadilika, kichefuchefu, homa na fizi kutoka damu. Siku ya pili, tarehe 26 Septemba, alifariki. Ikiwa bingwa wa namna ile aliweza kusita mbele ya nyoka mmoja mdogo, sisi wengine hatuna haya ya kusita.

Chukua rangi nyingine. Koboko, ambaye Wazungu katika lugha zao humtaja kuwa mweusi, ngozi yake ni ya kijivu au ya kahawia; weusi uliompa sifa hiyo umo ndani ya kinywa chake. Kifutu, ambaye kwingine huitwa moma, mahali pengine huwa wa manjano na weusi uliokolea, mahali pengine huwa wa kahawia hafifu kama majani makavu anamojilaza. Kwa upande wa pili yuko nyoka mla mayai, asiye na sumu na karibu hana meno, ambaye huvaa mabaka yanayomfanya afanane na nyoka wa jamii ya kifutu. Akitishwa husugua magamba yake yakatoa mvumo wa kuogofya. Huyo huuawa kila siku kwa sababu ya nguo aliyoivaa. Na yuko nyoka wa kahawia wa majumbani, mwenye mistari hafifu pande mbili za kichwa, ambaye huingia vihengeni kuwinda panya usiku, sawasawa na nyoka wa mahindi wa kule Marekani. Naye hulipwa kwa rungu.

NYOKA WA MILIMANI NA SOKO LA RANGI

Katika misitu ya milima yetu wako nyoka wadogo wa miti, jamaa za kifutu, wenye magamba yaliyosimama na sumu kali. Mmoja amepewa jina la mlima Rungwe. Mtaalamu Charles Bogert alimwandika mwaka 1940. Yeye huwa wa kijani kinachong'aa, na mwingine wa jamii hiyo hiyo huwa karibu mweusi. Mwingine, mwenye vijipembe juu ya macho, anaishi Usambara, Uluguru na Udzungwa, naye hupatikana wa manjano, wa kijani cha zeituni, wa kahawia na hata mweusi.

Desemba 2011 wataalamu watatu, Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell, aliyekuwa mwalimu wa siku nyingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza nyoka mpya kutoka Nyanda za Juu Kusini. Ana rangi nyeusi na manjano, vijipembe juu ya macho, na urefu wa kiasi cha sentimita 60. Walimwita kwa jina la binti mdogo wa Davenport, Matilda, ambaye alipenda kumtazama. Kwa sura ni jamaa wa karibu wa yule wa Usambara, na mtu wa kawaida angemhesabu kuwa ni rangi nyingine tu ya nyoka huyo. Wataalamu hawakuishia kwenye rangi. Walihesabu magamba na wakachunguza urithi wake, ndipo wakasema: huyu ni mwingine.

Jambo moja hawakulisema. Hawakutaja mahali anapoishi. Walieleza kwamba eneo lake ni dogo, kwamba msitu wake unaliwa na ukataji miti na uchomaji mkaa, na kwamba wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa wakipajua watammaliza. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa, na jike lake la kijani, aliwindwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani hata watu wakaikata mikadi anamoishi ili kumfikia. Uzuri wa rangi ndio uliokuwa adui yake. Baadaye mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo wa porini, na Tanzania yenyewe mwaka 2016 ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje.

Kwa hiyo, mtoto wa Uyole anayemweka nyoka ndani ya ndoo ana mashaka mawili. Huenda ameshika kifo chake mwenyewe. Na huenda ameshika kiumbe ambaye hawakubaki wengi. Rangi haitamwambia ni lipi kati ya hayo. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyama wa porini na kumfuga bila kibali. Nyoka wa mahindi waliomo katika picha wamezaliwa mikononi mwa watu, kizazi baada ya kizazi. Wa kwetu wamezaliwa porini, na huko ndiko kwao.

LA KUFANYA NYUMBANI

Nilipokuwa nikirudi nilishuka Iringa kumsalimu rafiki wa zamani huko Kihesa, ambaye mkewe ni muuguzi. Nilimsimulia habari ya ndoo. Hakucheka. Alisema kwamba kinachomsikitisha katika kazi yake ni saa zinazopotea. Mtu huumwa asubuhi. Wenzake wakaanza kumsaka nyoka ili wamuue na kumpeleka hospitali kama ushahidi. Wakamaliza hapo wakaenda kutafuta jiwe la kufyonza sumu. Mgonjwa akafika jioni. Wengine humleta nyoka ndani ya mfuko wa rambo, na kichwa cha nyoka aliyeuawa punde chaweza bado kuuma.

Basi, ndugu msomaji, yakate haya uyabandike mahali pa kuonekana. Nyoka akionekana nyumbani, waondoe watoto na mifugo, mwachie njia ya kutokea, na mwite afisa wa wanyamapori au mtu mwenye ujuzi. Usimsogelee ili umtambue. Mtu akiumwa, mtulize, umlaze, na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Kifunge kwa banzi kama vile kimevunjika. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba wala mpira, usipake dawa ya kienyeji wala kuweka jiwe. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama hajisikii vibaya. Kumbuka daftari la Schmidt. Swila akimtemea mtu sumu machoni, mwoshe kwa maji safi mengi, kisha mpeleke hospitali. Ukiulizwa juu ya nyoka, eleza ulichokiona, yaani ukubwa wake, mahali alipokuwa, saa na namna alivyouma, wala usiongeze jina usilolijua. Daktari atatazama zaidi dalili za mgonjwa kuliko habari za rangi.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliuweka msiba huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wengi wao ni wakulima na watoto. Zingatia pia kwamba kwa wale nyoka wa miti wa milimani, jamaa za kifutu, hakuna dawa maalumu ya kuizuia sumu yao. Kinga ni kuweka nafasi kati yako na yeye: taa usiku, viatu shambani, kuni zisirundikwe karibu na mlango, na kihenge kisitirike dhidi ya panya.

MWISHO WA NDOO

Nawe utataka kujua, yule wa ndani ya ndoo alikuwa nani?

Dada yangu alipoambiwa, alikaa kimya kwa muda, kisha akaenda kumkumbatia mwanawe kabla ya kumgombeza, nami naona huo ndio mpangilio sahihi. Tulimwita mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kufanya kazi ya uhifadhi. Alifika na fimbo ndefu yenye ndoano, akaufungua mfuniko kwa ncha yake akiwa amesimama mbali, akatazama.

"Babu, ana sumu?" mtoto aliuliza.

"Mjukuu wangu," mzee alijibu, "huenda ni yule mpole wa vichakani. Huenda siye. Ili niseme kwa hakika itabidi nimshike, na sina sababu ya kumshika."

Akaufunga mfuniko, akaikaza kamba, na ndoo ikapelekwa korongoni mbali na nyumba. Tulisimama nyuma kabisa wakati mzee akiilaza chini kwa fimbo. Nyoka alitoka taratibu, akainua kichwa kidogo, akaingia katika majani ya rangi yake, na hatukumwona tena. Mpwa wangu aliendelea kutazama mahali pale kwa muda mrefu.

Tuliporudi alikwenda jikoni, akaniletea gunzi lenye punje nyeupe na chache za njano. Aliniuliza kama angeruhusiwa kuzipanda zile za njano peke yake, mbali na shamba la jirani, aone kama kweli nyeupe itarudi. Nilimwambia huo ndio ufugaji unaomfaa kwa sasa. Dada yangu amempa matuta mawili nyuma ya banda la kuku, pale ilipokuwa ndoo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa yako afya njema.